Ukurasa wa Desemba 9

Nina daftari lenye kurasa 366. Kila ukurasa ni tarehe moja ya mwaka, na Februari 29 nayo imepewa nafasi yake. Nilianza kuliandika baada ya kuchoshwa na zile orodha za "siku kama ya leo" zinazosambazwa kwenye simu kila asubuhi: mwaka fulani mfalme alizaliwa, mwaka fulani meli ilizama, mwaka fulani nchi ilipata uhuru. Mstari mmoja mmoja, yote kwa uzito uleule, kuzaliwa kwa mwigizaji na vifo vya maelfu ya watu vikipewa kimo kimoja. Ukimaliza kusoma unabaki na miaka mikononi na hakuna kingine.

Kurasa nyingi za daftari langu zina mistari michache tu. Ule wa Desemba 9 umejaa hadi pambizoni, na nimeubandikia karatasi mbili za nyongeza. Nimeurudia mara nyingi kuliko kurasa nyingine zote, na leo nataka niueleze.

Aliyenifikisha hapo ni bibi yangu, mama yake mama. Alikuwa na makovu ya ndui usoni, vishimo vidogo vilivyosambaa mashavuni na kuzunguka pua. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikilaza kichwa mapajani pake na kuvipapasa kwa kidole, kimoja kimoja, naye aliniacha. Alisema aliugua akiwa mtoto bado. Katika nyumba yao waliugua watano, wakapona wawili. Mwaka hakuujua, tarehe ndiyo kabisa.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Desemba 9, 1979, siku ya Jumapili, mjini Geneva, wanasayansi wa tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani waliitia sahihi karatasi moja, mmoja baada ya mwingine. Karatasi hiyo, iliyoandikwa kwa lugha kadhaa, ilithibitisha kwamba ndui imetokomezwa duniani. Mwenyekiti wao alikuwa Frank Fenner, mtaalamu wa virusi kutoka Australia. Inakadiriwa kwamba katika karne ya 20 peke yake ugonjwa huo uliua watu wapatao milioni 300. Niliiweka simu chini nikakaa kimya. Nilikuwa nimeuona uso wa bibi yangu ndani ya sentensi moja ya kiserikali.

Lakini sahihi zile hazikuua kirusi hata kimoja. Kirusi kilikuwa kimeshakosa pa kwenda zaidi ya miaka miwili kabla, katika mji wa Merca, Somalia. Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, alikuwa mpishi wa hospitali. Gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilihitaji mtu wa kulielekeza kambi walikotengwa wagonjwa, naye akapanda. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Oktoba 26, 1977 vipele vikamtoka. Alipona, na waliomkaribia wote walifuatiliwa, asipatikane hata mmoja aliyeambukizwa. Yeye ndiye binadamu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida. Nasema kwa njia ya kawaida kwa sababu mwaka uliofuata Janet Parker, mpiga picha wa chuo kikuu huko Birmingham, Uingereza, aliambukizwa kirusi kilichokuwa kimehifadhiwa maabara, akafa. Maalin alikuja kujitolea katika kampeni za chanjo ya polio nchini mwake, hadi alipofariki mwaka 2013.

Kati ya vipele vya Maalin na wino wa Geneva kuna miaka miwili ya watu kutembea. Kanuni ilikuwa kwamba baada ya mgonjwa wa mwisho lazima upite muda huo wa kutafuta bila kupata. Watafutaji walikwenda kijiji kwa kijiji, hema kwa hema, wakionyesha picha ya mtoto mwenye vipele na kuuliza kama kuna aliyemwona mwingine kama huyu. Shirika likatangaza zawadi ya dola 1,000 kwa yeyote atakayeripoti mgonjwa wa kweli. Kabla ya hapo kulikuwa na kazi ya tangu 1967, ya sindano ndogo yenye ncha mbili iliyochomwa mkononi mara 15 kwa haraka, kazi ambayo aliyefundishwa asubuhi aliweza kuifanya jioni. Hakuna tarehe moja inayoweza kuibeba kazi hiyo yote. Tukaichagua ile ya sahihi, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiziangalia tarehe kwa jicho jingine. Na nilipougeukia tena ukurasa wa Desemba 9, niliona kwamba umejaa sahihi.

Alhamisi ya Desemba 9, 1948, katika jumba la Palais de Chaillot mjini Paris, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, bila kura hata moja ya kupinga. Kesho yake, palepale, likapitisha Azimio la Haki za Binadamu. Dunia huadhimisha zaidi la kesho yake, na mimi huona uchungu kidogo kwa hilo, kwa sababu namfikiria Raphael Lemkin.

Lemkin alikuwa mwanasheria Myahudi kutoka Polandi. Jamaa zake 49 waliuawa na Wanazi. Yeye alikimbilia Marekani, na mwaka 1944 akaunda neno ambalo halikuwepo, kwa kuunganisha neno la Kigiriki linalomaanisha mbari na la Kilatini linalomaanisha kuua. Kiswahili kimelitafsiri karibu herufi kwa herufi: mauaji ya kimbari. Kisha akaanza kuwafuata wajumbe wa mataifa kwenye korido, ofisini, mezani wanakokula. Hakuwa na cheo, hakuwakilisha serikali yoyote. Wengi walimwona msumbufu. Mkataba ulipopita, mwili ulimshinda akalazwa hospitali palepale Paris. Alifariki New York mwaka 1959, fukara, na waliomzika walihesabika kwa vidole.

Tena hapa, tarehe na jambo lenyewe haviendi pamoja. Mkataba uliopita Desemba 1948 ulianza kuwa na nguvu Januari 12, 1951. Marekani, iliyompa Lemkin hifadhi, iliuridhia mwaka 1988. Na mahakama ya kimataifa iliyomtia mtu hatiani kwa kosa hilo kwa mara ya kwanza ilingoja karibu miaka 50. Nitairudia.

Kuna sahihi nyingine kwenye ukurasa huu, ya watu wanaosalimu amri. Desemba 9, 1824, kwenye uwanda wa Ayacucho, milimani Peru, jeshi la Antonio José de Sucre liliwashinda Wahispania waliokuwa wengi kuliko wao, likamteka mwakilishi wa mfalme, José de la Serna. Kwa hati iliyotiwa sahihi baada ya mapigano, utawala wa Hispania katika bara la Amerika Kusini ukahesabiwa umekwisha. Ukahesabiwa tu, maana ngome ya Callao ilikataa kuitambua hati hiyo na kushikilia hadi Januari 1826. Huko ndani watu walikufa kwa njaa wakiitetea dola ambayo vitabu vinasema ilikuwa imeshafungwa tarehe 9 Desemba.

Na kuna Jerusalem. Jumapili ya Desemba 9, 1917, Waturuki walikuwa wameondoka usiku, na meya wa mji, Hussein al-Husayni, akatoka na barua ya kuukabidhi mji kwa Waingereza. Alibeba shuka jeupe lililofungwa kwenye mti kama bendera. Wa kwanza aliokutana nao walikuwa wapishi wa jeshi. Hawakuweza kuipokea. Akakutana na masajini wawili, nao wakakataa. Ikapanda cheo kwa cheo, mkono hadi mkono, mpaka jenerali akaipokea kwa niaba ya mkuu wa majeshi, Edmund Allenby, aliyeingia mjini kwa miguu siku mbili baadaye. Nimelifikiria sana lile zunguko la meya na shuka lake. Mji wenye maelfu ya miaka ya dua na damu, na asubuhi hiyo hakuna mtu mwenye cheo cha kutosha kuupokea. Miaka 70 kamili baadaye, Desemba 9, 1987, maandamano yaliyoanzia kambi ya wakimbizi ya Jabalia, Gaza, yalienea, na ndiyo tunayoyaita intifada ya kwanza, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya Israel. Sidhani kuna aliyetazama kalenda siku hiyo. Ila mimi nikiiona mistari hiyo miwili ikifuatana ukurasa mmoja, siwezi kuisoma kwa haraka.

Sasa Tanganyika. Hii ndiyo Desemba 9 ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua bila kuambiwa. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya Desemba 9, 1961, katika uwanja wa michezo wa Dar es Salaam, taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowaka ilikuwa inapepea ya kijani, nyeusi na dhahabu. Mumewe malkia, Philip, alikuwepo kwa niaba ya mkewe. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kibo, mita 5,895 juu, akisimika bendera na kuwasha mwenge. Miaka miwili kabla, Julius Nyerere alikuwa ameliambia baraza la kutunga sheria kwamba wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka. Kilele hicho, kilichokuwa na jina la mfalme wa Ujerumani, tangu hapo kinaitwa Uhuru.

Napenda tunavyosema "usiku wa kuamkia". Saa sita ya usiku ni mpaka wa karatasi, lakini usiku wenyewe haukatiki katikati. Ni mmoja, unaelekea asubuhi. Waliokuwa uwanjani hawakuingia tarehe mpya. Waliamkia.

Na tarehe hiyo ilikuwa karibu isiwe hiyo. Katika mkutano wa katiba wa Machi 1961, siku iliyokubaliwa ilikuwa Desemba 28. Baadaye ndipo ikasogezwa hadi 9. Ingebaki 28, ukurasa wangu ungekuwa na pengo kubwa, na mtu mwingine mwenye daftari kama hili angekuwa anashangaa miujiza ya Desemba 28. Hilo hunikumbusha nisitafute mkono wa siri nyuma ya kalenda. Mara ya pili, hata hivyo, tarehe ilichaguliwa kwa makusudi: Desemba 9, 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri na Nyerere kuapishwa kuwa rais. Kenya ilifanya vivyo hivyo na Desemba 12, mwaka 1963 na 1964. Umoja wa Mataifa nao ukaichukua 9 mara mbili, kwa siku ya kupambana na rushwa, kufuatia mkataba uliofunguliwa kutiwa sahihi Mérida, Mexico, mwaka 2003, na kwa siku ya kuwakumbuka wahanga wa mauaji ya kimbari.

Tukio moja lilikataa kabisa kuingia katika mawazo yangu ya sahihi. Jumatatu ya Desemba 9, 1968, jijini San Francisco, Douglas Engelbart aliketi mbele ya watu wapatao 1,000 na kwa dakika 90 akawaonyesha kompyuta ambayo hawakuwahi kuiota. Mkononi alikuwa na kijisanduku cha mbao chenye waya, kile tunachokiita leo kipanya. Alifungua maandishi, akayahamisha, akabonyeza neno likampeleka kwenye neno jingine, akazungumza kwa picha na sauti na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, umbali wa kilomita zaidi ya 40, wakifanya kazi kwenye ukurasa mmoja. Mashine yenyewe ilikuwa huko huko Menlo Park. Kila ninapobonyeza kitu kwenye kioo najua asili yake iko kwenye dakika hizo. Grace Hopper, mmoja wa waliotuwezesha kuiandikia kompyuta kwa maneno ya kawaida, alikuwa anatimiza miaka 62 siku hiyohiyo, maana alizaliwa Desemba 9, 1906. Hapo hakuna hati, hakuna bendera. Nilijaribu kulivuta tukio hili lifuate mkondo wa mengine, nikaacha. Liko ukurasani kwa sababu lilitokea siku hiyo, basi.

Karatasi ya pili ya nyongeza niliibandika kwa ajili ya mtu mmoja. Kwenye orodha za simu hupewa maneno manne: "1971: Ralph Bunche afariki." Kwa muda mrefu nami niliandika hivyohivyo.

Ralph Bunche alikuwa msomi Mmarekani mweusi, mjukuu wa mwanamke aliyezaliwa utumwani. Tasnifu yake ya udaktari katika chuo kikuu cha Harvard, mwaka 1934, ililinganisha utawala wa Wafaransa Togo, iliyokuwa chini ya uangalizi wa kimataifa, na Dahomey, iliyokuwa koloni la kawaida. Alitaka kujua kama uangalizi wa dunia humletea mtawaliwa nafuu yoyote. Mwaka 1937 akiwa masomoni London, kabla ya safari ya Afrika, alijifunza Kiswahili. Mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta.

Mara ya kwanza niliposoma hilo nililisoma tena. Kisha nikaanza kufuata nyayo zake ndani ya ukurasa wangu, na zikapita kila mahali.

Mwaka 1945, San Francisco, alikuwa miongoni mwa walioandika sura za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu nchi zisizojitawala na mfumo wa udhamini. Kisha akaongoza idara ya udhamini ya umoja huo. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani iliyotawaliwa na Uingereza chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Kwa sababu ya sura zile, mtu wa Tanganyika alikuwa na haki ambayo jirani yake wa koloni la kawaida hakuwa nayo: kupeleka malalamiko New York, na kutembelewa na wakaguzi wa kimataifa. Wameru waliitumia. Mwishoni mwa 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akavuka bahari kwenda kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Ardhi hawakurudishiwa wakati huo, lakini njia ilikuwa imeonekana. Machi 7, 1955 Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 una vifungu vya Bunche ndani yake. Sitaki kumpa zaidi ya haki yake, maana uhuru ulipiganiwa na watu wa nchi ile, kadi kwa kadi, mkutano kwa mkutano. Lakini mlango walioupitia kwenda kusikilizwa, yeye alishika randa akauchonga.

Na Jerusalem vilevile. Septemba 17, 1948 msuluhishi wa Umoja wa Mataifa, Folke Bernadotte, alipigwa risasi akafa akiwa ndani ya gari mjini humo. Bunche alikuwa msaidizi wake; angekuwa kwenye gari hilo kama asingecheleweshwa njiani. Alipewa kazi ya marehemu, na mwaka 1949, akianzia kisiwani Rhodes, akawapatanisha Israel na majirani zake, mmoja baada ya mwingine, hadi wakatia sahihi mikataba ya kusitisha vita. Kwa hilo akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1950, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Alifariki New York Alhamisi ya Desemba 9, 1971. Siku ileile Tanganyika, ambayo kwa wakati huo ilikuwa sehemu ya Tanzania, ilikuwa inatimiza miaka kumi kamili ya uhuru.

Nilisema nitairudia mahakama. Septemba 2, 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, kwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kufanya hivyo kwa maneno ya mkataba wa Lemkin. Majaji walisema pia kwamba kubaka kunaweza kuwa njia ya kuiangamiza mbari. Mahakama hiyo ilikuwa Arusha, chini ya mlima Meru, mwendo mfupi wa gari kutoka ardhi ambayo Kirilo aliiendea New York. Tarehe ya hukumu ni Septemba, kwa hiyo ina ukurasa wake kwingine. Nimeiandika huko, halafu nikachora mshale kwenda Desemba 9.

Mishale imekuwa mingi. Kutoka Merca hadi Geneva, kutoka Oktoba hadi Desemba. Kutoka London ya 1937 hadi uwanja wenye taa zilizozimwa. Kutoka Callao, Januari, kurudi Ayacucho. Baadhi ya kurasa sasa hazisomeki vizuri kwa wino uliovuja upande wa pili, na nimeziacha hivyo.

Chini kabisa ya ukurasa wa Desemba 9, baada ya 1979, kuna mstari mmoja ambao sikuuwekea mwaka kwa kuwa mwenyewe hakuujua. Nimeandika: "Nyumba ya bibi. Waliugua watano, wakapona wawili." Halafu majina ya watatu ambao hawakupona, kama alivyonitajia.